Samaki Niliyempiga Picha

Mimi ni mtu wa Kyela, na kwetu samaki akishatoka ziwani habari yake imekwisha: chumvi, moshi au sufuria. Kwa hiyo shemeji aliponipigia kutoka Mufindi akisema, "Njoo Juni hii tuvue trauti, ila tunawarudisha majini," nilijua ni ule utani wetu wa siku zote.

Niliondoka alfajiri. Tukuyu ukungu, Uyole chai na maandazi, Igawa nililala, na Makambako upepo ukaniamsha kupitia dirisha lililogoma kufunga. Nikashukia Nyololo na kubanana ndani ya Noah iliyopita Igowole, mfuko wa mbolea ukiwa miguuni kwangu njia nzima. Shemeji alinipokea kwa "Kamwene!" na koti mkononi. Alijua nitakuja na fulana.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Bwawa liko katikati ya mashamba ya chai, na shemeji ndiye mlinzi wake. Trauti hawa si wa kwetu: asili yao ni magharibi ya Amerika Kaskazini, ni wa ukoo mmoja na samoni, na waliletwa nyanda hizi enzi za ukoloni kwa kuwa maji yake ni ya baridi. Bwawani hawazaliani, maana mayai yao yanataka maji yanayotiririka juu ya changarawe. Ukiua mmoja, amepungua mmoja mpaka waletwe vifaranga wengine.

Nikamkumbuka mbasa, samaki wa kwetu. Naye huacha Ziwa Nyasa akapanda mito kama Kiwira kwenda kutaga kwenye changarawe, ndiyo maana Waingereza walimwita samoni wa ziwa. Naye anapungua, kwa sababu tunamtegea nyavu midomoni mwa mito akiwa na mayai tumboni. Sikumwambia shemeji kwamba babu yangu alikuwa fundi wa nyavu hizo.

Kabla ya kurusha, alichukua koleo akabana kile kijino cha ndoano kinachoizuia isichomoke.

"Sasa si atachoropoka?"

"Ukilegeza mshipi, atachoropoka. Usilegeze."

Akatumbukiza kipimajoto: nyuzi 13. Ikikaribia 20, alisema, hakuna kuvua, maana maji ya moto hayana hewa ya kutosha, na samaki aliyechoka hapati nafuu humo.

Wa kwanza alimpata yeye. Hakumchezea, alimvuta upesi hadi kwenye wavu wa mpira, akalowanisha mikono kwanza, kwa sababu mkono mkavu unamvua samaki ule ute unaomkinga na maradhi. Samaki hakuinuliwa hata kidogo. Koleo likashika ndoano, likageuza, basi. Akabaki ameshikiliwa wima ndani ya maji, mashavu yakifunguka na kufunga, hadi alipopiga mkia mwenyewe na kupotea. Nilisikia uchungu wa kweli, kama mtu aliyeona noti ikidondokea mtoni.

Saa nne nikapata wangu. Mkubwa kuliko wa shemeji, na mstari wa waridi ubavuni. "Subiri, picha!" Simu ilikuwa ndani ya koti, koti lina zipu mbili, mikono ya shemeji imelowa, kioo hakimsikii. Nikamwambia apige tena, nilikuwa nimefumba macho. Samaki viganjani mwangu alikuwa akifungua mdomo polepole.

Shemeji hakunigombeza. Alinisaidia kumshikilia majini, tukasubiri kwa muda mrefu, na mwishowe akaenda, kwa upande upande hivi. Ndipo akanieleza alichoambiwa na mgeni mmoja Mskoti, ambaye kwao zaidi ya asilimia 90 ya samoni wa porini wanaonaswa kwa ndoano hurudishwa. Mwaka 1992 watafiti wa Kanada walichapisha jaribio lao: waliwachosha trauti hawa hawa kisha wakahesabu waliokuwa hai baada ya saa 12. Waliobaki majini walipona asilimia 88. Waliokaa hewani nusu dakika, 62. Dakika nzima, 28.

"Mimi nilimtoa muda gani?"

"Zipu mbili," alisema.

Jua lilipopanda tulimkuta kwenye matete, tumbo juu.

Nilibeba samaki huyo njiani kama mtoto aliyetumwa dukani akapoteza chenji. Dada alimkaanga akampika na nyanya, akaweka ugali mezani, kisha akatutazama.

"Si mlisema mnawarudisha?"

"Huyu alitaka picha," shemeji akasema, akimega tonge.

Picha yenyewe, kwa kweli, ilitoka vizuri. Macho yote mawili wazi.