Umelipa kufundishwa nini?

Niliahidi kuandika kuhusu Mlima Batur hapa Bali, na picha mtazipata, lakini akili yangu haijatoka jikoni. Hamidu kapandishwa cheo kwa barua pepe, tumepanda volkano gizani tukaona jua likichomoza, yote hayo yamepita. Kilichonikaa ni maneno ya Ibu, yule mama aliyetufundisha kupika.

Tulikuwa kwenye paon yake, jiko la kuni lililoko kusini mwa ua, kwa maana kusini ni kwa mungu wao Brahma na Brahma ndiye mwenye moto. Tumetoka sokoni Ubud na vikapu. Kila mwanafunzi akapewa nazi iliyokunwa na maji ya uvuguvugu. Wale Wajerumani wawili wakawa wanaipapasa kwa ncha za vidole. Mimi hata sikufikiri: nikakanda, nikakamua, kasimele kando, tui jepesi kando. Kuinua kichwa, Ibu kanisimamia na mwiko wake.

"Umejifunza wapi?"

"Nyumbani, Ibu. Tanga. Kwetu bila nazi hakuliki."

"Sasa umelipa kufundishwa nini?"

Akacheka. Wajerumani wakacheka. Nikacheka na mimi, wa mwisho, naye akarudi kwenye kuni zake.

Haya niambieni, ni sifa au kijembe? Hamidu anasema sifa, lakini Hamidu hata mama yake akisema mimi naringa, husema ni sifa. Usiku nimeyasikiliza tena maneno yale kwa kila sauti. Mara ni mama anayemwambia mwali kwamba ameiva. Mara ni mtu aliyechoka na watalii wenye hela za kuchezea. Na ada yenyewe si ya kuchezea, mnajua hali yetu tangu harusi ya Mwana. Nadhani kilichoniuma ni kwamba nilitaka kuwa asiyejua. Ofisini najua mimi, nyumbani najua mimi, kwa mawifi ndiyo usiseme. Nimevuka bahari nzima ili mtu anishike mkono, kumbe mkono umeshanisaliti kwenye nazi.

Halafu ikaja base genep, viungo vya kusaga vya Kibali.

Vitunguu, tangawizi, manjano, pilipili, mpaka hapo tuko kwetu Ngamiani. Kisha akanipa kencur, kijizizi kisichozidi kidole gumba, ukikikata kinatoa harufu ya kafuri na pilipili manga kwa pamoja. Kemiri, kokwa zenye mafuta. Terasi, ule uduvi uliosagwa na kuchachishwa, aliuchoma kidogo makaani mpaka jiko zima likakohoa. Vyote kwenye cobek, sahani ya jiwe isiyo na kina, na mimi nikaanza kutwanga kama niko kwenye kinu. Ibu hakusema kitu. Kiganja chake kikaja juu ya changu, kikaubadili mwendo: unavuta kuja kwako, hupigi. Tukasaga hivyo kwa muda, mkono juu ya mkono, na sikutaka akiondoe.

Sate lilit yangu ya kwanza, samaki aliyesagwa na nazi na viungo vile, akaviringishwa kwenye kijiti cha mchaichai, iliporomoka kabla hata ya kufika kwenye makaa. Nilifurahi hamjui. Akanivingirishia nyingine huku akinikemea.

Kabla ya kula tulisubiri. Alichota wali kidogo kidogo juu ya vipande vya jani la mgomba, akaweka mekoni, akaweka kwenye maji, akaenda hadi langoni. Hiyo ndiyo saiban, sadaka ya kila siku wakishapika. (Na kwa mnaouliza: nguruwe hatukugusa, tuliomba mapema, akatuwekea kuku na samaki.)

Niishie hapa, maana Mama kaandika kwamba pampu ya kisima imeanza tena kunguruma na fundi hapokei simu. Tangi likijaa linatosha kama hawafui. Na Mwana katoa mapazia yote ya nyumba, eti Jumamosi ni siku ya kufua.