Siku moja maishani mwangu: nakata nta, nasubiri kahawia

Saa 11 alfajiri Kimara, Dar es Salaam, bado ni giza, na foleni ya mwendokasi imeshajipinda. Saa 1 na nusu niko maabara ya patholojia, tunakopima vipande vya nyama za wagonjwa. Wageni huziba pua kwa harufu ya formalini, dawa ya kuhifadhia nyama hizo. Mimi siisikii tena, labda nikitoka likizo.

Saa 2 nakaa kwenye mashine ya kukatia. Kila bloku ni kipande cha nyama ya mgonjwa kilichozamishwa kwenye nta. Nakata utepe wa unene wa mikroni 3 au 4 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), naulaza juu ya maji ya uvuguvugu ujinyooshe, kisha naunasa kwa slaidi. Ukipiga chafya umekwisha. Majina ya wagonjwa sina, nina namba tu. Bloku ya tatu leo fomu yake inasema: jicho, miaka 2, inahisiwa retinoblastoma. Hiyo niliikata taratibu kuliko zote.

Retinoblastoma ni saratani ya jicho inayofanya mboni ya mtoto ing'ae nyeupe kwenye picha ya flashi. Mtaalamu wa jeni Alfred Knudson aliichambua mwaka 1971 akasema inahitaji mapigo mawili. Leo tunajua yanapiga wapi: nakala mbili za RB1, jeni inayozuia seli kugawanyika ovyo, moja ya baba, nyingine ya mama. Mtoto aliyerithi moja ikiwa mbovu amebakiwa na mlinzi mmoja getini, ndiyo maana huugua mapema, na mara nyingi macho yote mawili.

Saa 4 umeme ukakatika. Maji yakapoa, tepe zikaanza kujikunja. Tukanywa chai ya tangawizi na chapati gizani hadi jenereta ikaitika.

Saa 5, kupaka rangi. Slaidi zinachemshwa, zinawekewa kingamwili inayonasa protini moja tu, zinasubiri. Palipo na protini tunayoitafuta patageuka kahawia, kwingine bluu. Mchana wali na mchicha, haraka haraka.

Saa 8 kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo akainama kwenye darubini. "Dada, p53 imejaa kila mahali! Si ndiyo mlinzi wa seli? Basi hapa pako salama?"

Nikavuta kiti. Kosa lake lina ukoo mkubwa. p53 ni protini iliyogunduliwa mwaka 1979, na kwa miaka kama kumi wataalamu waliidhania kuwa chanzo cha saratani, kwa sababu nakala walizokuwa nazo mkononi zilikuwa mbovu. Mwaka 1989 ndipo ikaeleweka kuwa kazi yake ni kuizuia.

Seli yenye afya hutengeneza p53 na kuivunja ndani ya dakika chache, kwa hiyo slaidi yake ina madoa hafifu, hapa na pale. DNA ikiharibika, p53 hubaki: inasimamisha seli ijitengeneze, na ikishindikana inaiamuru ife. Protini kama BAX hutoboa mitokondria, vinu vya nishati vya seli, protini iitwayo saitokromu c inamwagika, vimeng'enya viitwavyo kaspezi vinaikatakata seli kutoka ndani, na majirani wanameza vipande bila fujo. Mwaka 1972 wanasayansi Kerr, Wyllie na Currie waliita kifo hicho apoptosisi, Kigiriki cha kupukutika kwa majani.

"Sasa p53 iliyoharibika mara nyingi haivunjwi," nikamwambia. "Inarundikana. Kahawia iliyokolea katika kila kiini cha seli ni mlinzi aliyesinzia getini na sare yake. Na kuna slaidi zisizo na kahawia hata kidogo. Hizo nazo ziogope, mlinzi hayupo kabisa."

Akashika slaidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Hapo, nikamweleza, jeni zenyewe kwa kawaida ni nzima. Kirusi cha HPV, kinachosababisha saratani hiyo, kinaleta protini zake mbili: E6 inayoipeleka p53 ikavunjwe, na E7 inayoifunga kamba Rb, protini inayotokana na jeni ya RB1. Rb ikifungwa, seli hutoa protini nyingine, p16, kwa wingi, nasi tunapaka p16. Akakumbuka mdogo wake wa kike alichanjwa shuleni dhidi ya HPV. Chanjo hiyo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018.

Saa 10 Dokta akarudisha slaidi moja: utepe umejikunja, hasomi kitu. Ni ile ya jicho, iliyokuwa majini umeme ulipokatika. Nikaiweka bloku kwenye barafu, nikaikata upya kabla sijavua koti.