Siku Moja Mezani pa Hati za Kale, Tanga

Saa moja na nusu asubuhi, kabla wanafunzi ninaowafundisha kutengeneza hati hawajafika, mimi huanza kwa kutazama kipima unyevu kilicho kando ya kabati la hati. Tanga ni mji wa bahari, na unyevu ukipita asilimia 65 chumbani kuvu huota kwenye karatasi, kwa hiyo madirisha hufungwa hata siku za joto kali.

Saa mbili tunafungua bahasha iliyoletwa na bibi mmoja wa Ngamiani: barua za babu yake na kurasa za utenzi, zote kwa herufi za Kiarabu. Hakuna anayeruhusiwa kutengeneza chochote kabla ya kuangalia na kuandika alichokiona. Ukurasa mmoja ulipoinuliwa mbele ya mwanga zilionekana hilali tatu ndani ya karatasi, alama ya viwanda vya Italia vilivyouza karatasi zao hadi nchi za Kiislamu, na darasa zima likasogea kutazama. Huwakumbusha kwamba utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, katika Mrima, pwani yetu hii, umetufikia kwa sababu wapo waliotunza miswada majumbani.

Baada ya chai, ambayo hainywewi chumbani humo, kuanzia saa tano tunaziba mipasuko ya karatasi. Wanga wa ngano hupikwa, huchujwa, kisha huzimuliwa kwa maji; karatasi nyembamba ya Kijapani haikatwi kwa mkasi bali huchanwa kwa mkono, ili nyuzi zake zitawanyike ukingoni na kushika bila kuacha mstari mgumu. Kiraka hukaushwa chini ya uzito kati ya karatasi za kufyonza. Atakayekuja baadaye ataweza kukibandua kwa unyevu kidogo, jambo ambalo selotepu, adui mkubwa wa hati za majumbani, hailiruhusu, kwani gundi yake huzama na kuacha doa la manjano.

Mwanafunzi mmoja aliuliza, “Mwalimu, neno hili limeliwa na wadudu, lakini kwa vina tunalijua. Tusiliandike?”

“Hapana, mwanangu. Ziba tundu, neno liandike kwenye daftari lako. Karatasi ya mtu hatuitungii.”

Naliona hili kuwa gumu kuliko kazi yote ya mikono, na ndilo ninalolisahihisha zaidi.

Saa tisa alasiri bibi alikuja, tukamwamkia, naye akaitikia. Nilimwomba asizirudishe hati kwenye mfuko wa nailoni, wala asiziweke sakafuni penye mchwa, bali katika boksi la karatasi isiyo na tindikali tulilomtengenezea.

Kesho tutashika ukurasa ambao wino wake wenye chuma umeanza kuutoboa. Maji huutawanya uharibifu huo, kwa hiyo tutatumia kiraka kilichopakwa gundi ya jelatini mapema na kuloweshwa kidogo tu.