Poizoni aivi ni ukoo mmoja na mkorosho

Kila ikifika mwezi wa tano huku Maryland, Marekani, simu yangu inajaa picha za mikono. Vijana waliokuja juzijuzi wamepata kazi za kukata majani na kusafisha yadi za watu, afu wiki haijaisha mtu anakutumia picha mkono umevimba, umetoa malengelenge yamejipanga mstari pale jani lilipopita, na swali ni lilelile, dada hii ni tetekuwanga au nimerogwa? Hujarogwa mdogo wangu. Ni poizoni aivi, mmea mtambaa wa huku wenye mafuta yanayobabua ngozi, na naandika hapa ili niwe natuma linki tu.

Sisi tuliokulia kusini mwa Tanzania, huko Masasi na Newala, mbona haya mambo tunayajua ila hatujui kama tunayajua. Waliowahi kubangua korosho kwa mkono wanakumbuka yale mafuta meusi ya kwenye ganda, yakikugusa ngozi inababuka, ndo maana wamama walikuwa wanajipaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kuanza kazi. Sasa mkorosho, mwembe na hii poizoni aivi ni ukoo mmoja kabisa wa mimea, na mafuta yao yanafanana. Ya poizoni aivi yanaitwa urushioli, yapo kwenye jani, shina mpaka mizizi, na jani likichubuka kidogo tu yanatoka.

Watu wengi wanaifikiria kama upupu na hapo ndo wanapopotea. Upupu ukikugusa unajua sekunde ileile, unajikuna mpaka unaimba. Poizoni aivi haikuambii kitu, unamaliza kazi, unakula, unalala, unaanza kuwashwa kesho yake au keshokutwa. Sababu ni kwamba sio sumu inayokuchoma, ni aleji, yaani mafuta yanaingia kwenye ngozi yanajishika na protini zako mwenyewe, kinga ya mwili ikipita inaona hawa sio wenzetu, inaanza kushambulia ngozi yako. Na kinga lazima ijifunze kwanza, kwa hiyo mara ya kwanza unaweza usitoke chochote au vipele vikaja baada ya wiki moja na zaidi, mara ya pili ndo inakuja kwa kasi, ndani ya masaa 12 mpaka 48 hivi tangu uiguse. Kwa hiyo yule anayejisifu "mimi mwaka jana niling'oa kwa mikono mitupu sikuumwa", muache, mwaka huu tutaonana.

Kingine, haiambukizi. Nimeona mtu anahamishiwa kochini na mke wake, jamani! Yale maji ya kwenye malengelenge hayana urushioli. Vipele vipya vinavyotokea siku ya tatu ya nne havijasambaa, ni kwamba pale mafuta yalikuwa kidogo au ngozi ni nene kwa hiyo vimechelewa. Kinachosambaa ni mafuta yenyewe kama hujayatoa, na hayo yanakaa kwenye glavu, buti, mpini wa mashine, manyoya ya mbwa, miezi na hata miaka. Ukimaliza kazi nawa haraka kwa sabuni (ya vyombo ni nzuri, inakata mafuta) na maji mengi, sugua, afu nguo zifue peke yake. Ukisubiri mpaka jioni yameshaingia.

Jinsi ya kuitambua: vijani vitatu vitatu, cha katikati kina kikonyo kirefu kuliko vya pembeni. Msimu wa vuli wa huku, kabla ya baridi, inageuka nyekundu inapendeza kweli, na wakati wa baridi majani yanaanguka unabaki mtambaa wenye nywelenywele umeng'ang'ania mti, na huo nao una mafuta vilevile. Mbuzi wanaula bila shida, kuna Wamarekani wanakodisha mbuzi kwa kazi hiyo, biashara nzuri tu.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa kwa sababu sisi tumezoea kufyeka na kuchoma: USICHOME. Moshi unabeba yale mafuta mpaka kooni na kwenye mapafu, hapo hatuongelei kuwashwa tena, tunaongelea kulazwa.

Ukishatokwa na vipele, weka kitambaa cha maji baridi, losheni ya kalamaini, na krimu ya haidrokotisoni (ya kutuliza muwasho) ukiiwahi. Vidonge vya aleji vya kawaida vitakusaidia kulala ila vipele havivizuii. Ndimu na spiriti acheni, mnaongeza kidonda. Ikiwa imepanda usoni, machoni, sehemu za siri, au imeenea mwili mzima nenda kwa daktari, mara nyingi atakupa vidonge vya steroidi (vinatuliza hiyo kinga ya mwili) vya kama wiki mbili au tatu, na uvimalize, maana ukiacha mapema vipele vinarudi na hasira. Bila dawa huwa vinaisha vyenyewe ndani ya wiki moja mpaka tatu.

Kama bado huamini habari ya ukoo, mwaka 1982 kule Pennsylvania watu 54 walitokwa na vipele kama vya poizoni aivi na wala hawakugusa mmea, walikula korosho zilizouzwa na ligi ya besiboli ya watoto. Korosho zilitoka Msumbiji, jirani zetu, na kwenye pakiti kulikuwa na vipande vya maganda. Korosho iliyobanguliwa vizuri na kukaangwa haina shida hiyo (aleji ya kula korosho yenyewe ni kesi nyingine).

Embe nalo lina vitu vinavyofanana na hayo mafuta, kwenye ganda na utomvu, ndo maana wengine wakiling'ata na ganda lake wanababuka midomo. Kwa hiyo kama unajiuliza uache kula maembe, hapana. Mtafute mtu akumenyee.