Kipengele ambacho wasifu hauna

Aliyewahi kukaa kwenye msiba huku kwetu anaujua mpangilio wa wasifu wa marehemu. Kuzaliwa, elimu, ndoa, kazi na utumishi, kuugua, shukrani kwa madaktari na majirani, kisha Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Ukurasa mmoja, ikizidi sana miwili, maana mshereheshaji ana ratiba na mvua ya huku Umalila, Mbeya, haina ratiba. Wa Babu Mchungaji, ndivyo tulivyomwita mchungaji mmoja wa kijijini kwetu, niliandika mimi. Mimi ni mwalimu, na kijijini mwalimu ndiye huandika kila kitu, kuanzia barua ya posa hadi malalamiko ya mbolea iliyochelewa.

Vipengele vya juu vilijaa upesi. Alizaliwa mkoani Mara miaka ya 1940, upande wa Shirati, ziwani, pale Wamennonite wa kwanza kutoka Marekani, Wakristo wasiobatiza wachanga, wasiokula kiapo wala kushika silaha, walipoanzia kazi yao mwaka 1934. Huku aliletwa na reli. TAZARA ilipokuwa ikijengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975, alikuwa kibarua kwenye kipande cha Mlimba hadi Makambako, kile chenye mahandaki na madaraja mengi kupita vyote. Reli ilipofika Mbeya akaoa Mmalila, wakwe wakampa shamba la viazi, ziwani hakurudi tena isipokuwa kwa misiba.

Nyanda hizi zilikuwa na wenyewe. Wamoravian wapo Rungwe tangu 1891, Walutheri nao ni wa mwaka huohuo, Wakatoliki wana parokia zao. Mmennonite mmoja katikati yao alikuwa punje ya ulezi kwenye gunia la mahindi. Tena alikuja na mafundisho ya kuudhi watu, kwamba anayebatizwa awe mtu mzima anayejua anachokikubali. Bibi yangu, Mmoravian kindakindaki, alimuuliza mbele za watu, "Mimi nililoweshwa nikiwa mchanga, sasa wewe unataka kunilowesha tena kwa kosa gani?" Babu alicheka, hakumjibu. Waumini wake hawakuwahi kulijaza lile kanisa la matofali ya kuchoma, na mshahara hakuwa nao. Aliishi kwa viazi vyake na kwa kile kilichobaki baada ya mnada wa sadaka, ile ya kuku mmoja kununuliwa kwa bei ya mbuzi.

Sisi watoto tulimfuata kwa ajili ya hadithi. Nilimjua Menno Simons, padri wa Friesland aliyeacha upadri mwaka 1536, kabla sijajua wakuu wa mikoa yangu mwenyewe. Tuliipenda zaidi ile ya Dirk Willems wa Uholanzi, mwaka 1569. Alitoroka kifungoni, akavuka maji yaliyoganda. Askari aliyemfukuza akatumbukia, Dirk akarudi kumvuta, akakamatwa palepale, baadaye wakamchoma moto. Barafu tuliijua kwa namna moja tu, ile ya asubuhi za Juni na Julai inayobabua majani ya viazi, kwa hiyo barafu ya kubeba mtu mzima ilibidi tuelezwe kila mara, na mwelezaji mwenyewe hakuwahi kuiona. Tulimuuliza kwa nini asiendelee kukimbia. Jibu lake lilikuwa hilohilo miaka yote: "Kamuulizeni yule aliyezama."

Nilipofika kwenye "kazi na utumishi" kalamu ikagoma. Alihubiri, alizika, alitawadha watu miguu siku za Meza ya Bwana. Basi. Mtu niliyemfahamu mimi alionekana zaidi katika mambo aliyoyakataa, na wasifu hauna kipengele cha mambo ambayo marehemu hakuyafanya.

Alikataa kula kiapo. Aliitwa Mahakama ya Mwanzo kutoa ushahidi, karani akamnyooshea Biblia, akasema hataapa ila atasema kweli. Karani akamwambia, "Mzee, si wewe ni mchungaji?" Naye akajibu, "Biblia hiyohiyo uliyoishika ndiyo inayonikataza. Fungua Mathayo tano." Sheria inaruhusu mtu kuthibitisha badala ya kuapa, na hakimu aliijua sheria, ndivyo ilivyoishia. Kijijini ilivuma kwamba mchungaji kaigomea serikali.

Alikataa rungu. Zamu za ulinzi wa usiku alikwenda kama wanaume wengine, ila alibeba tochi na birika la chai ya tangawizi. Wapo waliomwona mwoga. Hilo liliisha siku kijana mmoja alipokamatwa na bomba la kunyunyizia dawa la mtu. Ninyi mnaokaa mjini mnasikia tu neno "wananchi wenye hasira kali" kwenye redio. Sisi tunawajua kwa majina, ni mjomba, ni jirani, ni fundi aliyekushonea sare. Mawe yalikuwa tayari mkononi na mtu keshatumwa kuleta tairi. Babu akapenya, akaketi chini matopeni, akaegemeana mgongo na yule kijana, kisha akaanza kusalimia watu mmoja mmoja kwa majina, na kuuliza hali za wazazi wao. Umeshika jiwe, unaulizwa mama yako anaendeleaje na miguu. Utajibu nini? Walijibu. Ilichukua muda mrefu, mvua ikaanza, mtendaji akafika na mgambo.

Ningependa kuwaambia kwamba kijana aliokoka. Aliiba tena, akafungwa, akatoka. Msibani alikuja, akala, akasaidia kupasua kuni. Hakuna aliyemwacha peke yake karibu na masufuria.

Na alikataa fidia. Ng'ombe wa maziwa aliingia kwenye mahindi ya jirani, jirani akamkata panga la mguu, ikabidi achinjwe. Wazee walikaa, wakaamua jirani alipe. Siku ya malipo Babu hakwenda kuchukua. Walipomfuata alisema deni limefutwa, na Jumapili iliyofuata akapita kwa jirani kumwomba mbegu za viazi, ili jirani naye awe na cha kumdai. Hili ndilo nililiona zuri kuliko yote. Nililiandika kwa mistari sita na nikaridhika nayo.

Kuugua kulikuwa kufupi kwa kuandika, kurefu kwa kuishi. Tezi dume, iliyofichwa kwa aibu za wazee mpaka ikashindikana. Alipelekwa mjini, akarudishwa, akafia nyumbani kwa mkewe alfajiri ya Jumanne.

Usiku wa kuamkia maziko nilimsomea Bibi, mjane wake, rasimu, jikoni, maana sebule ilijaa wageni kutoka Mara waliokuwa wakitetemeka kwa baridi. Aliitikia kichwa kwenye reli, akacheka kwenye tairi na chai ya tangawizi. Kwenye ng'ombe akainua mkono.

"Huyo ng'ombe alikuwa wa nani?"

Nikamwambia, wa kwenu, Bibi.

"Alikuwa wangu. Kaka yangu alinipa nilipojifungua mtoto wa tatu. Huyo mzee alisamehe kitu kisicho chake, na mimi nikakaa mwaka mzima nakopa maziwa ya wajukuu kwa huyohuyo jirani. Hakuniuliza." Akachochea moto. "Alikuwa mtu mwema. Lakini hakuniuliza, na nilimwambia hivyo akiwa hai, usidhani namsema kwa kuwa amekufa."

Nikauliza kama niifute ile sehemu.

"Usiifute. Andika ng'ombe wa nani."

Wazee wa kanisa waliona wasifu umerefuka, wakapunguza mahakama na wakapunguza mwizi. Sentensi ya ng'ombe hawakuigusa, kwa sababu Bibi aliwaambia yeye ndiye aliyeiagiza. Mshereheshaji aliisoma kama ilivyo: "Marehemu alisamehe deni la ng'ombe wa mkewe, bila kumuuliza." Upande wa akina mama kicheko kilipasuka mpaka kwaya ikakosa pa kuanzia.