"Ndiyo yote haya?"

Jumatatu asubuhi nilimpa nesi chupa ya maziwa niliyomkamulia mwanangu njiti. Akaiinua usawa wa taa, akaiinamisha kidogo, akauliza, "Mama, ndiyo yote haya?"

Nikajibu, "Ndiyo yote, sista."

Basi. Akaandika lebo, jina, tarehe na saa, akaitia kwenye friji, akaenda zake.

Leo Ijumaa bado namsikia. Njiti wetu ametolewa kwenye mashine ya kupumulia Jumanne, Jumatano tumehama ile nyumba ya ngazi (hatimaye!), na mimi nimekaa na maneno matatu. Nimeyapitisha kwa kila sauti. Kuna namna ambayo "haya" imevutwa. Kuna namna anayoguna kabla ya kuuliza. Kuna nyingine anatabasamu, ingawa najua alivaa barakoa. Na iko ninayoipenda, ambayo mimi namjibu, "Ungeyaona ya wiki iliyopita."

Maana ya wiki iliyopita yalikuwa matone. Dang'a, yale maziwa ya kwanza, nzito na ya njano, nimeikamua kwa vidole tone baada ya tone hadi ikafika mili moja na nusu kwenye bomba la sindano. Wakampaka ndani ya mashavu, kwa sababu mtoto wa wiki 30 hajajua kupanga kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi kwa zamu. Siku ile sikulia. Nilitembea na kile kibomba kama nimebeba yai. Sasa kwa nini chupa ya mili 22 inilize?

Kwa sababu najua nesi ana hoja, ndiyo maana. Mama wa njiti anatakiwa aanze kukamua ndani ya saa chache baada ya kujifungua, kisha mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Mimi niliambiwa "pumzika kwanza", nami nikapumzika, mtiifu kweli, hadi kesho yake jioni. Ziwa likijaa likaachwa, linapunguza kutengeneza. Likimalizwa, linatengeneza. Wiki 2 za mwanzo ndizo linazojifunza, na lengo nililopewa ni nusu lita kwa siku ifikapo siku ya 14. Mimi siku ya 6 nimeleta 22, za mikamuo miwili ya usiku.

Na usiku wa Jumatatu hata hizo sikuzipata. Dakika 20 pampu inavuta hewa, nimekodolea macho chupa, na kadiri ninavyoitazama ndivyo inavyogoma. Mama wa kitanda cha tatu ndiye aliyenifundisha kuivisha soksi nisione kinachoingia. Nimetumia soksi ya Kaka Mtu, mwanangu mkubwa, yenye mamba. Inafanya kazi, msiniulize vipi.

Jana sasa. Wakaniwekea Njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, saa nzima. Dakika ya kumi hivi maziwa yakaanza kutoka yenyewe, shati likalowa pande zote mbili. Nesi yuleyule akapita. Nikakaza uso, nikangoja. Akainama, akasema, "Mnyooshee shingo kidogo, mama, apumue vizuri." Akaendelea na safari yake. Hakumbuki! Siku nne nimeishi na mwanamke huyu kichwani, naye hakumbuki. Nikaanza kucheka kimyakimya, Njiti akawa anapanda na kushuka juu yangu kama mashua.

Nikakamua palepale pembeni ya inkubeta. 41.

Kisha nikafanya kitu ambacho ningefanya tangu Jumatatu: nikasoma karatasi ya Njiti ya kulishwa. Siku ile alikuwa anapewa mili 2 kila baada ya saa 3 kwa mrija wa puani. Mara 8. Mili 16. Yaani chupa yangu ya aibu ilikuwa chakula chake cha siku nzima, na chenji ikabaki. Labda nesi alitaka tu kujua kama yapo ya kugandisha. Sawa. Lakini ile "haya" ilivutwa, na hapo sibadilishi kauli.

Ni saa 9 usiku, pampu inanguruma, soksi imevaliwa. Kwenye daftari la Kaka Mtu nimekuta mwalimu ameandika kwamba siku hizi mtoto anaondoka dawatini kwenda kusoma ubaoni akiwa amesimama. Tarehe ni ya wiki 2 zilizopita. Nadhani ni macho.