Siku moja maishani mwangu: mtunza vifaa wa timu ya Championship hapa Dom (na ile pakti ya chumvi)

Wadau mambo vipi. Juzi kwenye bajaji jamaa kaniuliza unafanya kazi gani, nikamwambia mtunza vifaa wa timu ya mpira. Akacheka mpaka akashika kiti cha mbele, "yani kaka unalipwa kubeba begi?" Sikumjibu maana nilikuwa nashuka, lakini imenikaa kichwani, ndo maana naandika. Timu siitaji jina, kibarua chenyewe bado nakihitaji, ila ipo Championship, ligi ya chini ya Ligi Kuu. Nachukua siku ya mechi ya juzi Jumamosi, nyumbani, uwanja wa Jamhuri, saa 10 jioni.

SAA 11 ALFAJIRI
Kabla sijanawa uso nishatoka nje kuangalia kamba. Usiku nilianika seti ya bluu, na upepo ukapiga. Anayeijua Dodoma anajua upepo wa hapa hauji mikono mitupu, unakuja na vumbi lake. Jezi namba 14 imeanguka chini, mgongo mzima mwekundu kama imetoka kucheza mechi bila mwenyewe. Nairudisha kwenye beseni. Kisima cha kambini maji yake ni ya chumvi, wenyeji mnanielewa, unasugua mche wa sabuni unakaribia kuisha povu hakuna, unakuja utando mweupe tu unakaa juu. Nikafikicha hivyo hivyo.

SAA 1 HADI SAA 4
Chai, chapati mbili, mayai ya kuchemsha, moja nikaliweka kwenye begi la baadae. Kuhesabu soksi, kujaza mipira upepo, kubandua lebo za zamani, kutafuta kiatu cha kushoto cha mtu ambaye kila mechi anapoteza cha kushoto. Kila siku ni hivyo hivyo.

Kuna dogo mpya kaja kutoka Mpwapwa, kakaa pembeni yangu anafunga njumu, ananiuliza kaka hivi tukiwa wa nne tunapanda? Basi nikamwelezea huku nahesabu. Dogo, Championship tupo timu 16, kila mmoja anacheza mechi 30. Wawili wa juu wanapanda Ligi Kuu moja kwa moja, hao washamaliza. Wa tatu na wa nne wanacheza wao kwa wao nyumbani na ugenini, atakayeshinda bado hajapanda, anaenda kukutana na timu ya Ligi Kuu iliyofungwa kwenye mchujo wa nafasi ya 13 na ya 14 huko kwao, napo nyumbani na ugenini. Dogo akasema kumbe mechi nne zaidi. Nikamwambia eeh, nne, wewe unaona mechi nne mi naona kufua mara nne na safari mbili za basi.

Sisi kwa siku hiyo tulikuwa wa tano, pointi mbili nyuma ya wa nne. Ndo maana kambini hakuna aliyekuwa anacheka.

Na watu wasidharau hii ligi. Pamba ya Mwanza ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 kabla ya kurudi 2024. Mtibwa Sugar, mabingwa wa nchi hao wa zamani, 2024 walishuka, wakaja wakapambana huku chini, 2025 wakarudi juu. Mji wetu wenyewe, Dodoma Jiji ilipanda 2020, enzi hizo bado tunaita Daraja la Kwanza na timu zimegawanywa makundi mawili. Nilikuwa bado fundi wa baiskeli, niliiona ile furaha mtaani nikasema siku moja na mimi.

SAA 4 ASUBUHI
Kikao cha maandalizi ya mchezo. Kamishna wa mechi, waamuzi, mratibu, watu wa timu zote mbili. Mi naingia na jezi mkononi, naziweka mezani, wageni wanaweka zao, mwamuzi anaangalia rangi zisigongane. Sisi bluu, wao nyeupe, kipa wetu nyekundu. Dakika kumi nimetoka.

Hapo sasa ndo kosa langu. Kurudi nikapita dukani Majengo nikanunua pakti ya chumvi nusu kilo na kichupa cha siki. Sababu ni hiyo jezi nyekundu ya kipa, mpya, inachuja rangi balaa. Mwezi uliopita ilinigeuzia soksi zote nyeupe zikawa za waridi na nikakatwa hela. Wanasema ukiloweka kwenye maji safi yenye chumvi na siki rangi inatulia, mama yangu alikuwa anafanya hivyo kwa khanga mpya. Mpango wangu ulikuwa mechi ikiisha niiloweke pale pale uwanjani kwenye maji ya bomba, maana ya kisima siyaamini. Najua, mtu anayefulia maji ya chumvi maisha yake yote ananunua chumvi dukani. Hata muuza duka alinishangaa.

SAA 7 NA NUSU
Nipo uwanjani, wachezaji bado. Napanga jezi kwenye misumari kwa namba, chini yake soksi, chini yake vikinga ugoko, barafu kwenye ndoo. Chumba cha wageni kilikuwa wazi na kuna meza nzuri mle, ya kwetu imevunjika mguu. Nikaingia nikaichukua. Wakati natoka na meza kichwani na begi begani, basi la wageni ndo linaingia getini.

Aisee.

Akashuka mzee mmoja wa ule msafara, kofia, fulana ya timu, akasimama ananiangalia. Hakunisalimia. Akarudi ndani ya basi, nikaona watu wanasimama kwenye viti. Kumbuka kwenye mpira wetu mtunza vifaa ndo mtu wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, yupo peke yake na jezi, yupo peke yake na vyumba, kwa hiyo kila mtu anaamini kamati ya ufundi, yani wale wa mambo ya uchawi, ni wewe. Timu ngapi zimepigwa faini kwa kukataa kuingia vyumbani au kupita mlango usio rasmi, mnazisoma kila wiki. Mi nilikuwa nazisoma na kucheka.

Wageni wakagoma kushuka. Robo saa. Nusu saa. Kamishna akaitwa, meneja wetu akaitwa, wale jamaa wa ulinzi nao wakasogea. Yule mzee anasema "tumemuona kwa macho yetu katoka chumbani kwetu na begi, afungue begi." Meneja wetu badala ya kunitetea akanigeukia, "ulikuwa unafanya nini mle?" Nikasema meza. "Meza ya nini?" Nikamuonyesha meza. Akaniangalia kama mtu asiyenijua na tuna miaka mitatu pamoja.

Kamishna akasema kwa upole kabisa, mzee wa heshima yule, "kijana wangu, fungua tu begi tuyamalize."

Nikafungua. Na hapo kimya kimya nikawa nakumbuka kilichomo. Ikatoka pakti ya chumvi. Watu "aaaah!" Kikatoka kichupa cha siki hakina lebo. Ukatoka uzi mwekundu na sindano, wa kushonea jezi ya kipa. Kikatoka kipande cha mshumaa uliowashwa nusu, huo nasugulia zipu za mabegi zisikwame na umeme ukikatika kambini nauwasha. Halafu, taratibu, likajiviringisha lenyewe kutoka kona ya begi, yai.

Mimi mwenyewe ningekuwa wao nisingeshuka kwenye basi.

Nimejieleza pale mpaka koo likakauka. Chumvi ya rangi, mshumaa wa zipu, uzi wa kushonea, yai la chai. Jinsi unavyozidi kueleza ndo unavyozidi kuonekana mchawi. Wachezaji wetu nao wameshafika, wamesimama nyuma, na nawaona wengine wananiangalia kwa heshima ambayo sijawahi kuipata, nadhani walifurahi. Mwishoni nilichoka. Nikachukua lile yai nikalipasua kwenye mguu wa meza, nikalimenya, nikafungua ile pakti nikanyunyiza chumvi, nikala mbele ya kamishna. Lote. Bila maji. Kamishna akageuka pembeni mabega yanatikisika.

Yule mzee hakucheka. Akasema "hiyo ndo inazidi." Wakavalia kwenye basi.

Sijui ilikuwa saa ngapi baada ya hapo maana sikuangalia tena saa mpaka usiku. Mechi ilichelewa kidogo. Kipindi cha kwanza tukapata goli la kichwa, nikajua sasa nimekwisha, watasema ni yai. Dakika za mwisho wakasawazisha kwa faulo. Wa nne naye kumbe alikuwa anapoteza huko aliko, tungeshinda tungempita, na sasa tumebaki pointi moja nyuma yake na zimebaki mechi tatu. Chumbani hakuna aliyeongea, jezi zikawa zinarushwa chini tu, nzito kwa jasho, mi naokota moja moja nahesabu. Kapteni ndo peke yake huwa ananipa mkononi, ikiwa imegeuzwa upande wa nje. Mshahara umechelewa wa mwezi wa pili huu, ila kile kitendo kidogo nakithamini.

Wakati nimeinama bombani naloweka ile nyekundu, nikasikia mtu nyuma. Mtunza vifaa wa wageni, kijana mdogo tu, kabeba begi kubwa kuliko yeye, zipu yake imefungwa na kamba ya kiatu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Akaangalia huku na huku kama mwizi. "Ule mshumaa... kwenye zipu unafanya kazi kweli?"

Nikamkatia nusu. Akauficha ndani ya soksi, akaondoka mbio kabla mzee wake hajamuona.

Nimefika kambini saa 3 usiku, seti nzima kwenye mabeseni matatu. Chumvi ilikuwa haijatosha, nusu nilimwagia kwenye yai kwa hasira, kwa hiyo maji ya ile nyekundu bado yalikuwa yanatoka kama juisi ya rozela. Nimebadilisha mara nne. Saa 6 usiku nimeanika, safari hii kila jezi vibanio viwili, namba 14 vitatu.